Ukuta una unyevu? Jua kipimo cha kununua kabla ya kuita fundi

KILA mwaka, mvua ya masika ikipungua na baridi ya Juni na Julai kubisha hodi, kuta za nyumba nyingi mijini huanza kutoa siri. Rangi hufanya malengelenge na kubambuka, plasta humomonyoka karibu na sakafu, na nyuma ya kabati huonekana madoa meusi. Nguo zilizokunjwa vizuri hunuka uvundo. Watoto nao huanza kukohoa usiku.

Wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili: hupaka rangi mpya au huita fundi. Fundi naye huenda akaja na kifaa kidogo chenye sindano mbili. Hukidunga ukutani, kikalia, naye akatamka kwamba ukuta umejaa maji na plasta yote ni ya kutolewa. Mwenye nyumba hulipa. Baada ya miezi michache madoa yamerudi pale pale.

Vifaa hivyo vinavyoitwa vipima unyevu sasa vinauzwa kwa mtu yeyote, na vingine si ghali. Ni vizuri kuwa nacho, mradi ujue cha kununua na namna ya kukisoma. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: kipima unyevu hukuonyesha pahali penye shaka, lakini hakikuambii maji yametoka wapi. Anayejua kutofautisha mambo haya mawili hatapoteza pesa zake.

Unyevu na afya

Kuvu, ambayo wengine huiita ukungu, haihitaji mengi ili iote. Hula gundi, karatasi, mbao, hata vumbi lililoganda kwenye rangi. Inachokosa ni unyevu tu. Wala haingoji maji yatiririke. Hewa inayougusa ukuta ikifika kiasi cha asilimia 80 ya unyevu na kukaa hivyo kwa muda, kuvu huanza kumea. Kisha hutoa chembe ndogo mno ambazo huelea hewani nasi tukazivuta puani.

Mnamo 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo wamo katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Shirika hilo halikutaja kiwango cha kuvu kinachoweza kuitwa salama. Lilishauri kwamba unyevu uzuiwe, na ukitokea uondolewe.

Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu au mizio, na wale ambao kinga ya miili yao imepungua kutokana na maradhi au dawa wanazotumia.

Huko Uingereza, mtoto wa miaka miwili alifariki Desemba 2020 katika mji wa Rochdale. Mnamo Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba mtoto huyo alikufa kutokana na ugonjwa wa njia ya hewa uliosababishwa na kuvu iliyokuwa nyumbani mwao kwa muda mrefu. Wazazi walikuwa wamelalamika kwa wenye nyumba. Kisa hicho kilifanya nchi hiyo itunge sheria ya kuwalazimisha wamiliki wa nyumba za umma kushughulikia unyevu kwa muda maalumu.

Hata hivyo, si kila kikohozi hutokana na ukuta. Kikohozi kisichoisha, homa, kupungua uzani au kutokwa jasho usiku ni mambo ya kupelekwa hospitalini yakapimwe. Usikisingizie ukuta huku kifua kikuu kikiendelea kumla mgonjwa.

Kifaa hupima nini?

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Vipima unyevu vya kawaida havipimi maji yenyewe, bali hupima namna umeme unavyopita. Maji yenye chumvichumvi za ukutani hupitisha umeme kuliko plasta kavu. Kifaa hupima tofauti hiyo, kisha huigeuza kuwa tarakimu.

Tena, vifaa vingi vilitengenezwa kwa ajili ya mbao. Ukikidunga kwenye mlango, boriti au dari ya mbao, tarakimu 18 huwa karibu na asilimia 18 ya maji kwa uzani wa mbao kavu. Ukikidunga kwenye plasta au simiti, ile 18 si asilimia ya maji hata kidogo. Maana yake ni kwamba ukuta unapitisha umeme kama ambavyo mbao yenye asilimia 18 ingepitisha. Kwa hiyo mtu akikuambia ukuta wako una asilimia 30 ya maji kwa kutazama kifaa cha sindano, ama hajui anachosema, ama anatafuta kazi.

Aina nne

1. Cha sindano. Kina sindano mbili za chuma ambazo hudungwa au kubanwa ukutani. Ni rahisi, huonyesha pahali hasa penye tatizo, na kwa mbao ndicho bora. Kasoro yake ni kwamba huacha vitundu viwili vidogo, na sindano fupi hupima juu juu tu. Vilivyo bora zaidi huja na sindano ndefu zilizofunikwa plastiki isipokuwa nchani. Hizo huingizwa katika matundu yaliyotobolewa ili kupima ndani ya ukuta.

2. Cha bapa, kisicho na sindano. Hiki hubanwa tu juu ya ukuta, kikatuma mawimbi ya umeme hadi kina cha sentimita 2 hadi 4 hivi, kutegemea muundo wake. Hakiharibu rangi wala vigae vya bafu, na kwa dakika chache unaweza kupima chumba kizima. Lakini hutaka ukuta laini. Kwenye plasta yenye mabonde, hewa huingia katikati na tarakimu hushuka. Aidha, hukanganywa na kila chuma kilicho karibu.

3. Cha hewa, yaani haigromita. Hiki hakigusi ukuta. Hupima unyevu uliomo hewani na, aghalabu, joto la chumba. Watu hukidharau kwa kuwa ni rahisi, ilhali kwa afya ndicho cha kwanza kununuliwa. Unyevu wa hewa ya ndani ukikaa kati ya asilimia 30 na 60 kuvu hupata shida kuota. Ukizidi 70 siku baada ya siku katika chumba chenye kuta baridi, itegemee.

4. Cha kabidi. Hiki ni cha wataalamu. Kipande cha ukuta hutobolewa, unga wake hupimwa uzani, kisha hutiwa pamoja na kabidi katika chupa ya chuma iliyofungwa. Maji yakikutana na kabidi hutoa gesi, na msukumo wa gesi husomwa kwenye saa ya chupa. Hiki hupima maji kwelikweli. Lakini gesi hiyo hushika moto upesi, kwa hiyo si kifaa cha kuchezea jikoni. Mwite mtaalamu iwapo kuna kesi au ukarabati wa gharama kubwa.

Kuna pia kamera za joto. Hizo huonyesha sehemu za ukuta zilizo baridi, nazo sehemu zenye maji mara nyingi huwa baridi. Lakini si kila pahali baridi pana maji. Kamera ikikuonyesha, bado utahitaji kipimo cha kuhakikisha.

Yanayodanganya kipimo

Adui wa kwanza ni chumvi. Wasomaji wa Mombasa, Malindi na Lamu walitilie maanani jambo hili. Nyumba za kale huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, upepo wa bahari huleta chumvi, na wapo wajenzi wanaotumia mchanga wa pwani bila kuuosha. Chumvi hiyo hubaki ukutani hata maji yakishakauka, na huvuta unyevu kutoka hewani kila siku. Umeme hupita kwa urahisi, na kipimo hupanda juu ilhali ndani hakuna maji mengi. Ukiona unga mweupe juu ya plasta, jua tarakimu za kifaa chako zimetiwa chumvi kwa maana zote mbili.

Adui wa pili ni chuma: nyavu za chuma ndani ya simiti, misumari, mabomba na vyuma vya pembeni mwa plasta. Kifaa cha bapa huvisoma kama maji. Matofali yaliyochanganywa na majivu ya makaa, na karatasi za ukutani zenye utando wa chuma, hufanya vivyo hivyo.

La tatu ni umande wa asubuhi. Ukipima ukuta uliotokwa jasho usiku, sindano zitakuonyesha maji yaliyo juu ya rangi tu. Futa kwa kitambaa kikavu, ngoja, kisha upime tena.

Maswali ya kuuliza dukani

Kabla ya kutoa pesa, mwulize muuzaji yafuatayo:

Je, kina vipimo tofauti vya mbao na vya ukuta? Kile cha mbao pekee bado kinafaa kulinganishia, lakini tarakimu zake usizichukulie kuwa asilimia za maji ya ukuta.

Je, kinaonyesha tarakimu au taa za kijani, manjano na nyekundu tu? Chagua chenye tarakimu. Taa haziwezi kukuonyesha kwamba ukuta umeshuka kutoka 26 hadi 21 tangu mfereji wa paa utengenezwe.

Je, kina kifuniko au kipande cha kukijaribia? Vingi vilivyo bora huwa nacho. Ukigusisha sindano pale, tarakimu inayotakiwa hutokea. Isipotokea, badilisha betri au rudisha kifaa.

Je, sindano zinaweza kubadilishwa? Sindano huvunjika.

Kwa familia ya kawaida, ushauri ni mfupi. Nunua haigromita moja na kipimo kimoja cha sindano chenye tarakimu. Cha bapa kinamfaa fundi au mwenye nyumba nyingi za kupangisha, ambaye hataki kutoboatoboa. Usitumie kwa kifaa pesa ambazo zingetosha kuziba paa.

Haigromita nayo unaweza kuijaribu mwenyewe. Tia chumvi ya mezani katika kizibo cha chupa, ilowanishe kidogo kwa maji hadi iwe kama uji mzito, kisha uiweke pamoja na haigromita ndani ya mkebe wa plastiki unaofunga vizuri, bila kuigusisha chumvi. Baada ya saa 12 hivi kifaa kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, jua kwamba hupunguza kwa 5, na uongeze kila usomapo.

Namna ya kupima

Usianzie penye doa. Anza kwenye ukuta wa ndani ambao unajua ni mkavu, wenye plasta na rangi ile ile. Tarakimu utakayopata hapo ndiyo mizani yako.

Halafu nenda kwenye ukuta wenye shaka. Pima sentimita 10 kutoka sakafuni, kisha panda kila sentimita 30 hadi kimo cha kifua. Sogea nusu mita upande mmoja na urudie. Andika kila tarakimu katika daftari pamoja na tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha. Usidunge sindano karibu na soketi, swichi au mahali waya wa umeme unapopita.

Rudia baada ya wiki mbili, na tena baada ya mvua kubwa. Kipimo kimoja ni uvumi. Vipimo vitatu ndivyo ushahidi.

Kusoma matokeo

Tuseme ukuta wako mkavu unasoma 12. Ukuta wenye shaka unasoma 26 karibu na sakafu, 25 juu yake, 23 kwenye sentimita 70, kisha unashuka ghafla hadi 14 ukipita mita moja. Hali hii yaonyesha maji yanayopanda kutoka ardhini. Huenda utando wa kuzuia maji uliowekwa juu ya msingi umeharibika, haukuwekwa, au udongo wa bustani umerundikwa nje hadi ukaupita. Toka nje utazame kabla ya kuvunja chochote. Mara nyingi jembe hutibu kinachodhaniwa kuwa kazi ya simiti.

Tuseme badala yake tarakimu kubwa ziko katikati ya ukuta au darini, zikizunguka pahali pamoja na kupungua kadiri unavyosogea. Hapo tafuta tundu: bomba linalovuja, bafu la jirani wa juu, ufa, mfereji wa paa uliojaa majani, au paa bapa la zege lililopasuka. Zikipanda baada ya mvua, maji ni ya nje. Zikibaki vile vile jua na mvua, shuku bomba.

Hali ya tatu ndiyo inayowaponyoka wengi, hasa Nairobi. Tarakimu ziko juu kwenye pembe za chumba, nyuma ya kabati na kandokando ya madirisha, lakini ukifuta na kupima ndani zaidi, ukuta ni mkavu. Hayo si maji ya paa wala ya ardhi. Ni mvuke wetu wenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Hewa ya chumba yenye joto la digrii 20 na unyevu wa asilimia 70 ikigusa ukuta wa digrii 14, hugeuka maji. Ikigusa ukuta wa digrii 18 tu, unyevu wa hewa hiyo pale ukutani hufika asilimia 80, na kuvu haihitaji zaidi. Usiku wa Julai kuta za nje za Nairobi hufika huko bila shida. Nao mvuke tunautoa kwa kupumua, kupika, kuoga na kuanika nguo ndani. Kila kilo moja ya gesi ya kupikia inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja u nusu ya maji hewani. Familia ya watu watano katika chumba kimoja kilichofungwa madirisha haiwezi kukosa jasho ukutani.

Kama bado una shaka, gundisha kipande cha plastiki angavu ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea nyuma ya plastiki, maji yanatoka ukutani. Yakitokea mbele, yanatoka chumbani.

Ukishajua chanzo

Kwa mvuke, fungua madirisha ya pande mbili angalau asubuhi na wakati wa kupika, funika sufuria, anika nguo nje, na usogeze kabati na kitanda kiasi cha upana wa kiganja kutoka ukuta wa nje. Tazama haigromita yako ikishuka.

Usijaribu kukausha chumba kwa kuwasha jiko la makaa huku umefunga mlango. Jiko hilo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Kuvu husumbua kifua. Jiko katika chumba kilichofungwa huua usiku mmoja.

Kuvu yenyewe, ikiwa haizidi mita moja ya mraba, ioshe kwa maji na sabuni ukiwa umevaa glavu na kuziba pua na mdomo kwa barakoa. Usiifagie ikiwa kavu, kwani utazitawanya chembe zake. Ukitumia jiki, usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia. Mwenye pumu asiifanye kazi hiyo. Na rangi mpya ingoje hadi tarakimu za ukuta zikaribie zile za ukuta wako mkavu.

Wakazi wengi wa Nairobi ni wapangaji. Kwao daftari la vipimo lina kazi nyingine. Mpangaji akienda kwa mwenye nyumba na maneno matupu, huambiwa afungue madirisha. Akienda na tarakimu za wiki sita zinazopanda kila mvua inyeshapo, pamoja na picha za ukuta na cheti cha daktari wa mtoto, mazungumzo hubadilika. Asiposikilizwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, huhesabu kuwa kero makao ambayo hali yake inadhuru afya.

Mwenye nyumba naye ananufaika. Fundi akimwambia plasta yote itolewe, atamwuliza maswali matatu tu: ulilinganisha na ukuta gani, tarakimu zinashuka kwenye kimo gani, na maji yanatoka wapi? Fundi anayejua kazi yake atajibu yote matatu kabla ya kutaja bei.